Hali ya Mawimbi Huku Kanja

Kanja, Embu
9 Machi 2025

Mume wangu mdogo Njura,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, na Joyline akikuambia kwa simu kwamba ninakohoa, mpuuze dada yako huyo. Ni moshi wa kuni mbichi. Mvua imeanza vizuri. Chai imechipuka hadi wachumaji hawatoshi, na yule mtamba uliyemwacha amezaa ndama jike mwenye doa kwenye paji la uso. Baba yako alikuja kutoka Embu mjini akapanda juu ya paa kuziba lile bati linalovuja jikoni. Linavuja tena. Hiyo ilikuwa kazi yako wewe mwenye nyumba, lakini umenikimbia ukaenda China.

Usicheke. Baba yako alipokupa jina la marehemu baba yake, kama desturi yetu ilivyo, alinirudishia mume. Kweli ulinijia ukiwa na kilo tatu, huna jino hata moja, na nepi nikakubadilisha mimi mwenyewe, lakini mume ni mume. Kwa hiyo nina haki ya kukuuliza ninalotaka kukuuliza.

Joyline anasema umepata kazi ya ziada huko Hangzhou, na kwamba kazi hiyo iko kando ya mto. Nilimwambia arudie. Akarudia. Mto gani, Njura? Wa kufanyia nini? Nilikuruhusu ukasomee uhandisi wa maji nikijua maji yenyewe yatakuwa kwenye vitabu na mabomba. Usinijibu kwa simu. Kwenye simu watu husema "niko salama" halafu wakakata. Keti chini uandike.

Mutegi na kamati yake ya maji walikuja tena Jumapili kuomba mfereji kutoka mto Ena upite kwenye shamba letu. Nikawapikia chai, nikawauliza habari za watoto wao mmoja mmoja, wakachoka wakaenda bila jibu. Kila mwaka ni hivyo, na mwaka ujao watarudi.

Ni mimi mkeo,
Celina


Hangzhou
6 Aprili 2025

Kwa mke wangu, Cucu, nyanya yangu Mwalimu Celina,

Shikamoo, na pole kwa moshi. Mimi niko poa. (Najua hulipendi hilo neno, lakini kweli niko poa.) Chumbani naishi na Abdilatif, mtoto wa muuza nyama wa Makutano kule Meru. Ijumaa yeye hupika pilau na mimi huosha sufuria, na hatujagombana bado. Mwambie Joyline ndama huyo amwite jina zuri, sio lile la mwalimu wake wa hesabu. Sweta uliyonitumia ilifika. Mikono ni mirefu, lakini baridi ya hapa huingia mpaka kwenye kucha, kwa hiyo hata huo urefu nimeutumia.

Sasa mto. Unaitwa Qiantang na una tabia hujawahi kuiona. Mara mbili kwa siku bahari huusukuma urudi ulikotoka. Ghafla unaona ukuta wa maji, upana wa mto mzima, unapanda kuelekea juu ukinguruma kama lori la mchanga kwenye mlima wa Runyenjes. Watu husafiri kuja kuutazama tu. Na kuna kikundi chenye kibali ambacho watu wake huteleza juu ya wimbi hilo wakiwa wamesimama kwenye ubao. Wanahitaji mtu wa kuangalia mto kila siku na kuwaambia wimbi liko vipi, upepo uko vipi, kama kuna magogo yanaelea. Huyo mtu ndiye mimi. Kazi yangu iko ukingoni, na ukingo wenyewe ni saruji tupu, mrefu kuliko kanisa letu.

Najua ni kwa nini umeuliza. Najua mto Ena ulimchukua Guka, babu yangu, mumeo wa kwanza, kwenye mvua za El Nino, kabla sijazaliwa, na kwamba tangu siku hiyo hujateremka mtoni wala hukuturuhusu sisi wajukuu kuteremka. Kwa hiyo nimeamua hivi. Kila nikimaliza kazi nitamtumia Joyline hali ya mawimbi kwenye simu, yeye akusomee. Itakuwa fupi: "Mto Qiantang. Wimbi mita moja. Upepo wa kusini. Mtazamaji yuko ukingoni." Ukisikia hivyo, ujue aliyeituma ni mzima na miguu yake ni mikavu.

Nakushukuru kwa kuniuliza. Hapa hakuna mtu huniuliza niko wapi.

Mumeo,
Njura


Kanja
11 Mei 2025

Mume wangu,

Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembe moja tu, nami nimeisoma hadi Joyline akaniambia sasa niiache ipumue. Sisi ni wazima. Mvua imezidi kidogo, maharagwe yameoza upande wa chini, lakini viazi vitatuvusha. Baba yako amepanda tena juu ya paa. Nyamaza.

Nikuambie tulichofanya huku. Joyline hunisomea hali ya mawimbi nikinywa uji. Siku za kwanza nilinyamaza nayo. Nikaona ni mzigo mkubwa kwa mwanamke mmoja, nikaupeleka kanisani. Sasa kila Jumapili, baada ya matangazo ya harusi na ya kituo cha chai, katibu husimama na kusoma: "Mto Qiantang, hali ya mawimbi ya wiki hii." Wimbi likiwa dogo, watu husema amina. Likiwa kubwa unasikia mabenchi yakilia. Mzee mmoja aliniuliza nje kama huo mto uko upande wa Chuka.

Halafu sisi akina mama husimama na kuomba wimbi lipungue. Tunautaja kwa jina. Mto unaorudi nyuma, mume wangu, ni mto usio na adabu, na tumemwambia Mungu hivyo hivyo bila kumficha.

Lile neno lako la mwisho, "mtazamaji yuko ukingoni", ndilo ninalongoja. Joyline akitaka kunichokoza hunyamaza kabla ya kulisoma. Nimemwahidi fimbo.

Mkeo,
Celina


Hangzhou
8 Juni 2025

Cucu mpendwa, mke wangu,

Shikamoo. Mimi mzima, Abdilatif mzima, anakusalimu na kuuliza kama ile pilipili ya Kanja inaweza kutumwa kwa posta. Mitihani nimemaliza, naona nimepita.

Cucu, nakuomba kwa magoti. Waambie akina mama wapunguze maombi. Wiki mbili nzima wimbi limekuja likiwa la magotini. Watu wametoka Ufaransa, wametoka Australia, na mbao zao zimefungwa kama maiti, wanasimama ukingoni wanaangalia maji yanapita yakinong'ona. Bosi aliniuliza kama kweli najua kusoma mto. Ningemwelezaje? Ningeanzia wapi kumwambia kuna akina mama huko Embu wamesimama? Abdilatif alicheka hadi akaketi sakafuni. Anasema angalau muombe kwa zamu. Najua mwezi ndio huvuta haya maji, na zilikuwa siku ambazo wimbi huwa dogo, lakini siku hizi siapi tena.

Lakini nashukuru, Cucu. Kanisa zima kusimama kwa ajili ya mto ambao hawaujui, sababu tu mimi niko kando yake! Nilisoma hapo nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa tayari safi.

Kuna jambo moja. Mwezi wa saba darasa letu linaenda Liangzhu, nje kidogo ya mji huu. Hapo palikuwa na mji miaka kama elfu tano iliyopita, na wataalamu wamefukua kuta zake na mabwawa yaliyouzuilia mafuriko. Mwalimu ametupa kazi: kila mmoja aandike jinsi watu wa kwao walivyozuia maji kwa mikono. Nikamkumbuka Guka na ule ukuta wake wa mtoni. Nimemuuliza baba aliujenga vipi, akasema nikuulize wewe. Aliujenga vipi, Cucu?

Mumeo,
Njura


Kanja
6 Julai 2025

Njura,

Sisi ni wazima. Ni baridi ya Julai, ukungu hauondoki mpaka saa sita. Ndama anakula vizuri.

Habari za ule ukuta siandiki. Mwambie mwalimu wako kwamba babu yako alikuwa mkulima wa chai.

Nina swali moja. Mwezi uliopita Joyline alinisomea hivi: "Wimbi mita moja. Upepo mdogo. Maji ni baridi kuliko jana na yana ladha ya udongo." Akakoma. Nikadhani ananichokoza, nikamwambia amalizie. Akanionyesha simu. Hakukuwa na neno lingine. Lile la mtazamaji halikuwepo.

Nimesahihisha insha za watoto wa Kanja zaidi ya miaka thelathini. Mtoto aliyeenda sokoni na mtoto aliyesimuliwa soko, huwatambua kwa sentensi moja. Mtu aliye ukingoni anajuaje ladha ya maji?

Celina


Hangzhou
10 Agosti 2025

Cucu,

Shikamoo. Natumaini ukungu umeondoka. Barua yako ilikuwa fupi hata Abdilatif aliogopa kuishika. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilianza nikachana, nikaanza nikachana. Swali lako nitalijibu, lakini kwanza twende Liangzhu, kwa sababu ni huko nilipata nguvu ya kulijibu.

Nilitarajia mawe na majumba. Hakuna. Ni nyasi, Cucu, na vilima vya chini, mpunga, na kulungu wanaokula kana kwamba ni ng'ombe wa jirani. Jua lilikuwa kali hadi mwongozaji wetu alikuwa anaongea akiwa chini ya mwavuli. Anakuonyesha kilima anasema hapa palikuwa ikulu, anakuonyesha shimo anasema hapa palikuwa ghala la mchele, uliungua. Wenzangu walikuwa wameanza kuuliza chakula ni saa ngapi.

Halafu tukafika kwenye bwawa. Wameukata ukuta wake kwa ubavu, kama unavyokata mkate, ndio uone ndani. Sio mawe. Ni udongo wa kinamasi uliofungwa kwa nyasi. Wachukua udongo laini, wauzungushia nyasi, wafunga kwa ufito wa mwanzi, walaza tita moja hivi na lingine hivi, mpaka ukuta umepanda. Mwongozaji alisema walipofukua, mashina ya nyasi yalikuwa bado yanaonekana. Na huo ukuta bado umesimama.

Wenzangu walipiga picha wakasonga mbele. Mimi nilibaki. Nilikuwa naangalia tita moja tu, la chini upande wa kushoto, nikimfikiria aliyelifunga. Huenda alikuwa na mke nyumbani aliyemwambia asikawie. Akakaza fundo lake vizuri, akalilaza, akaenda kula. Hakuna anayejua jina lake. Nikamwambia asante kwa sauti, kwa Kiembu, kwa sababu ndiyo lugha iliyonijia. Mlinzi aliniangalia vibaya.

Sasa jibu. Nilijua ladha ya maji kwa sababu nilikuwa ndani. Nilijifunza kuogelea kwenye bwawa la chuo mwaka wangu wa pili. Tangu mwezi wa tano, siku ambazo wimbi ni dogo, nikimaliza kazi huingia na ubao. Navaa jaketi okozi na helmeti, kuna mtu wa pikipiki ya maji nyuma yangu, na Abdilatif yuko juu anasoma dua zote anazozijua. Siku kama hizo siandiki kwamba mtazamaji yuko ukingoni. Sikuweza kukuandikia uongo, lakini ukweli pia nilishindwa.

Ukiniuliza kwa nini, ni hivi. Nilichoka kuogopa kitu ambacho sijawahi kukiona. Mto Ena nimekua nikiujua kwa sauti tu, kutoka jikoni kwako.

Wimbi kubwa la mwaka linakuja tarehe tisa Oktoba. Kikundi kimenipa nafasi kati ya wale watakaoingia, na nafasi hiyo sijui kama nitaipata tena. Naitaka sana. Lakini wewe ni mke wangu, na jina ninalobeba lilishaingia majini mara moja halikurudi. Ukisema hapana, ni hapana. Usipojibu, pia ni hapana. Sitaingia bila barua yako mkononi.

Mumeo,
Njura


Kanja
7 Septemba 2025

Mume wangu Njura,

Sisi ni wazima. Joyline ameingia kwaya, sasa hatulali mchana. Parachichi zimezaa hadi matawi yanavunjika.

Nilisoma barua yako nimesimama, nikakasirika siku tatu. Niliwagombeza kuku. Nilimgombeza baba yako aliyekuwa juu ya paa hana habari. Siku ya nne nikairudia ile sehemu ya matita, kisha nikamtuma Joyline amwite Mutegi.

Maskini, alikuja mbio akidhani nimekufa. Miaka yote yeye ndiye hunitafuta. Nikamketisha, nikamsomea Liangzhu yote kwa sauti, na nilipofika kwenye udongo uliofungwa kwa nyasi akaweka kikombe chini.

Sasa nikuandikie ambalo sijawahi kukuandikia. Babu yako alijenga hivyo hivyo. Udongo wa mfinyanzi, nyasi za ng'ombe, kamba za migomba. Kiangazi kizima alifunga matita hapa uani, mimi nikitoka shuleni namsaidia kukaza mafundo, na watu walipita wakisema Njura anaufungia mto zawadi. Alitaka kuinua maji yaingie mfereji, yafike mpaka huku juu. Kisha ikaja El Nino. Mutegi alikuwa kijana tu. Aliteremka kuangalia ukuta, maji yakamzunguka. Babu yako akaingia. Alimsukuma hadi Mutegi akashika mti, na yeye mwenyewe hakufika kwenye mti huo.

Unaona basi. Mtu aliyekuwa akiniomba maji kila mwaka ndiye yule aliyetolewa majini. Sikumchukia, Mungu ni shahidi. Lakini kumtazama nilishindwa, nikawa nampa chai. Na ule ukuta nikasema ulimuua mume wangu, ukabomoka, ukaenda zake.

Mutegi akakichukua tena kile kikombe. Kisha akasema, "Mwalimu, ukuta haukwenda. Ukuta wa Njura uko."

Nikamwambia asinidanganye uzeeni.

"Uko. Nyasi ziliota juu yake, mizizi ikaushika. Mto ukijaa hupita juu yake, ukipungua unauona wote. Mfereji wetu tunataka kuuanzia hapo hapo. Kwani ulidhani tunataka kuanzia wapi?"

"Na mbona hakuna aliyeniambia, miaka yote hii?"

"Mwalimu, nani angekutajia mto?"

Kesho yake niliteremka. Joyline alinishika huku, Mutegi huku. Uko, Njura. Ni kilima cha nyasi tu, kama hivyo vyako vya Liangzhu. Nikaugonga kwa fimbo kwa hasira, mara nyingi, na fimbo ikarudi. Mgumu! Nikacheka, nikalia, nikamwambia Mutegi achimbe mfereji wake apitishe popote anapotaka, hata katikati ya nyumba.

Kuhusu wimbi, ingia. Vaa yote uliyoyataja. Kula kwanza. Na ukitoka, ndipo utume hali ya mawimbi, si kabla. Joyline anataka kukutumia neno hili kwa simu leo hii, nimemkataza. Ruhusa ya namna hii haitolewi kwa simu. Barua hufika kwa wiki nne, nafasi iko.

Mkeo,
Celina


Kanja
12 Oktoba 2025

Mume wangu,

Sisi ni wazima, ila mimi moyo unanisumbua, si ule wa hospitali.

Alhamisi Joyline alinisomea. "Mto Qiantang. Wimbi kubwa la mwaka, kimo kama paa la nyumba. Upepo hakuna. Mtazamaji yuko ukingoni." Nikamwambia arudie. Yuko ukingoni. Basi barua yangu haijafika. Joyline hakusema "nilikuambia". Alienda kuosha vikombe kwa kelele, na kelele hizo nilistahili.

Nimekunyima siku yako kwa ukaidi wangu, nisamehe. Lakini acha nikuambie kilichonipata nilipokuwa nimekaa pale na uji umepoa. Babu yako hakuniuliza. Hakuwa na wakati wa kuniuliza, mtu alikuwa anazama, na simlaumu. Lakini hakuniuliza, Njura. Alitoka na koti lake, akasema anarudi sasa hivi, na mimi nimekaa na hilo "sasa hivi" mpaka nimezeeka. Wewe ulikuwa na wimbi mbele yako, na ubao mkononi, na wenzako wanaingia. Ukasimama ukangoja karatasi ya mwanamke mzee wa Kanja.

Nashukuru. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote na sina neno lingine zaidi ya hilo.

Celina


Hangzhou
9 Novemba 2025

Mke wangu mpendwa,

Shikamoo. Abdilatif anakushukuru kwa pilipili. Ameila akalia, akaila tena. Barua zako mbili nimezipokea, ile ya kwanza siku nane baada ya wimbi, ikiwa na mihuri ya miji ambayo hata haiko njiani. Sitakuficha, siku ile iliniuma. Nilishikilia ubao mkavu wenzangu wakipita chini yangu wakipiga mayowe. Abdilatif akasema, "Si umpigie tu Joyline?" Nikamwambia nilitoa neno langu kwa barua. Akasema sasa anaelewa tumeoana kweli.

Halafu nikasoma habari za Guka, na Mutegi, na ukuta, nikasahau wimbi. Cucu, asante. Nimebeba jina lake miaka hii yote kama koti la mtu mwingine. Sasa najua lilikuwa jina la mtu aliyemsukuma mwenzake mpaka kwenye mti. Ile kazi ya darasa nilikuwa nimeandika nusu ukurasa juu ya chai. Nikaomba kuirudia. Nimeandika "Ukuta wa Njura, Kanja", na nimeeleza mafundo mlivyoyakaza wewe na yeye.

Juzi Ijumaa niliingia, kwa ruhusa. Halikuwa wimbi la mwaka, lilifika kifuani. Nilikula mayai matatu kwanza. Lilikuja likinguruma, likaniinua, nikasimama. Nilisimama kwa muda wa kusema Baba Yetu mpaka kwenye mkate, nikaanguka. Nilipotoa kichwa nje nilikuwa nacheka kama mwendawazimu, na Abdilatif anakimbia kule juu ukingoni akipiga kelele jina letu, la Guka na langu. "Njura! Njura!" Sijawahi kulisikia likiitwa hivyo kando ya maji na mtu anaitika.

Niliitika, Cucu.

Mumeo,
Njura


Kanja
14 Desemba 2025

Mume wangu Njura,

Sisi ni wazima wote. Bati la jikoni limeacha kuvuja kwa sababu mvua zimeisha, na baba yako anajisifu. Joyline ataipiga hii barua picha na kukutumia kwa simu leo leo. Nimemruhusu mimi mwenyewe. Habari njema nazo zisafiri wiki nne kwa nini?

Mfereji umefika. Walichimba kutoka kwenye ukuta hadi shuleni, kutoka shuleni hadi hapa, wanaume na wanawake, na Mutegi mbele na jembe lake kana kwamba ni kijana. Jumamosi waliyafungulia maji. Tulisimama hapa shambani tukingoja. Kwanza yalikuja majani makavu yakisukumwa, kisha povu, kisha maji yenyewe, polepole, yakipapasa njia. Mutegi alivua kofia. Nikamwambia aivae, jua litamchoma, halafu aje anywe chai. Safari hii nilikunywa naye, nikimtazama. Ana mvi, yule kijana. Ana wajukuu sita. Nilimuuliza majina yao, na wa kwanza ni Njura. Alimpa jina la mtu asiye wa ukoo wake, na hakuwahi kuniambia kwa kunihofia.

Kwa hiyo nina waume wawili sasa. Usione wivu, huyo mwingine bado hana meno ya mbele.

Leo kanisani katibu alisimama kama kawaida kusoma hali ya mawimbi, nikamwambia akae. Nikasoma mwenyewe, nami nakuandikia kama nilivyosoma, kwa sababu wewe ndiwe uliyenifundisha.

Mto Ena, mfereji wa Njura, hapa Kanja. Wimbi: kimo cha kidole. Upepo: hakuna. Maji ni baridi, na yana ladha ya udongo.

Mtazamaji hayuko ukingoni.

Mkeo,
Celina